Kwa nini mazimwi ya muvi za zamani yananitia huruma badala ya kunitisha?

mpenda_kiza

Habari zenu wadau. Nina swali ambalo nikiuliza nyumbani nachekwa tu, kwa hiyo nalileta kwenu. Nimeanza kufuatilia muvi za kutisha za zamani, zile za nyeusi na nyeupe, na nimeanzia Frankenstein ya 1931. Nilijiandaa ama kutishika ama kucheka, maana mimi nimezoea hizi za sasa ambazo damu inaruka mpaka kwenye kioo cha kamera. Nilichokutana nacho ni huzuni. Kuna pale zimwi bado jipya kabisa, halijui lolote la dunia, wanafungua tundu la paa mwanga unaingia, linainua uso, linasimama, linanyoosha mikono juu kama linataka kuudaka ule mwanga, halafu yule profesa mzee anasema zibeni, mwanga unakatwa, lenyewe linabaki na mikono mitupu linashangaa. Halijatamka hata neno moja aisee, na mimi huku koo limeshanikaba.

Sasa naomba kujua huyo aliyelicheza ni nani hasa na aliwezaje kupitisha hisia zote zile chini ya mekapu nzito namna hiyo, halafu niendelee na zipi maana naona ziko nyingi mpaka nachanganyikiwa, na kuna mtu kaniambia nisihangaike na hizi bali nitafute zilizotiwa rangi na kompyuta eti ndio zinaangalika. Na la mwisho, ni mimi peke yangu au na nyie mnayahurumia haya mazimwi kuliko binadamu waliomo?

Bolti za Shingo

Karibu kundini mkuu, na hapana, hauko peke yako, wengi wetu tuliingia kwa mlango huo huo.

Huyo ni Boris Karloff. Jina la kuzaliwa William Henry Pratt, Mwingereza wa London, kazaliwa 1887. Alipopewa zimwi alikuwa na miaka 43 na alishacheza makumi ya muvi ambazo hakuna aliyemkumbuka, pesa zikikata anaendesha lori na kubeba mizigo. Rudi uangalie majina mwanzoni mwa muvi, wanatajwa waigizaji wote halafu mbele ya zimwi wameweka alama ya kuuliza tu. Yaani jina lake unalipata mwishoni kabisa, kama mtu wa kusogeza viti.

Mekapu ilikuwa kazi ya Jack Pierce, karibu saa nne kila asubuhi kabla hata kamera haijawashwa. Lakini usidhani Karloff alikaa tu apakwe. Alikuwa na meno ya bandia upande mmoja, akayatoa ili shavu libonyee ndani, ndio maana uso unaonekana umekufa upande. Zile kope zinazoning'inia nusu kama mtu ambaye hajaamka vizuri ni nta, na wazo la kuziwekea nta lilikuwa lake mwenyewe, aliona macho yake yana akili mno kwa kiumbe ambacho ndio kwanza kimezaliwa. Hapo ndipo jibu lako lilipo. Pierce alimwachia uso ambao bado unacheza, hakuvalishwa barakoa la mpira, na Karloff akalicheza zimwi kama mtoto mchanga mwenye mwili wa jitu. Ukishaliona hivyo kila kitu kinakaa sawa, moto linauogopa kama mtoto, mwanga linauchezea kama mtoto, na ile ya yule binti kando ya ziwa wanarusha maua yaelee, maua yakiisha linafikiri na binti ataelea.

Halafu hiyo sehemu ya ziwa ina kisa chake. Wakaguzi wa filamu waliona ni ukatili wakaikata, ikawa zimwi linanyoosha mikono kumfuata mtoto, paa, muvi inaruka mbele mpaka baba anapita mtaani kabeba maiti ya mwanae. Sasa mtazamaji afikirie nini hapo? Mabaya zaidi kuliko yaliyokuwemo! Vizazi vingi waliiona hivyo hivyo imekatwa mpaka miaka ya 1980 kipande kiliporudishwa. Hakikisha uliyoangalia ni nzima.

Kingine, yale mabuti na nguo za kujaza mwili vilikuwa vizito, na kwenye ile safari ya kupanda mlima kwenda kwenye kinu cha upepo ilibidi ambebe mwenzake begani, wakarudia na kurudia. Mgongo ulimsumbua maisha yake yote. Mwaka 1933 akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa Marekani, na mimi siamini kabisa kwamba hayo mawili hayahusiani.

Sina_Usingizi

Bride of Frankenstein, 1935. Usiangalie nyingine yoyote kabla ya hiyo. Karloff yule yule, dairekta yule yule James Whale, na safari hii zimwi linajifunza kuongea. Kuna mzee kipofu anaishi peke yake msituni anapiga fidla, zimwi limejeruhiwa linafuata sauti, na kwa sababu mzee haoni, anakuwa mtu wa kwanza kulikaribisha ndani, analilisha, anamshukuru Mungu kwa kumletea rafiki. Weka leso karibu.

Na bibi harusi mwenyewe ni Elsa Lanchester, anaonekana dakika chache tu mwishoni lakini kila mtu duniani anazijua zile nywele zenye radi nyeupe ubavuni. Ule mlio wake wa kufoka kama nyoka alisema aliuchukua kwa mabatamaji wa bustani ya Regent's Park kule London. Anacheza pia Mary Shelley, mwandishi wa kitabu cha Frankenstein, pale mwanzoni, watu wengi hawagundui.

KatibuKata wa Kuzimu

Mimi nitakuwa mbaya humu ndani leo. Frankenstein sawa, nakubali. Lakini Dracula ya mwaka huo huo wa 1931 jamani mnaisifia nini? Nililala. Robo saa ya kwanza nzuri, kasri, buibui, ngazi kubwa, baada ya hapo watu wamesimama sebuleni wanaongea wanaongea wanaongea, hakuna muziki, popo unaiona kabisa inavutwa na kamba, na eti ndani ya kasri la Transylvania kuna armadilo wanatembea. Armadilo!! Mnyama wa Amerika alifika vipi Ulaya Mashariki, alipanda meli? Halafu vampaya hana hata meno marefu. Mnahurumia muvi kwa sababu ni kuukuu, semeni tu.

kasri_la_upweke

Katibu, armadilo nakuachia, hata sisi tunaowapenda hatuna la kusema.

Ila hayo mengine ngoja. Muziki haupo kwa sababu sauti kwenye sinema ilikuwa ndio kwanza imeingia na wengi walihofia mtazamaji atajiuliza bendi imejificha wapi, kwa hiyo unasikia kipande cha Swan Lake pale majina yanapopita, kisha kimya mpaka waende ukumbi wa muziki. Mimi ule ukimya naupenda. Unazima taa, unasikia mlango tu na pumzi za watu, na sauti ya Bela Lugosi, Dracula mwenyewe, inatoka taratibu kama anaonja kila neno kabla ya kulitoa. Meno ya nini wakati ana yale macho? Waliyamulika kwa taa ndogo uso wote ukabaki gizani.

Mleta mada kauliza kuhusu huruma, basi ya Lugosi inaendelea hata kamera ikishazimwa. Kazaliwa 1882 mji wa Lugos, wakati huo Hungaria, leo uko Romania, na jina la kisanii akalichukua hapo. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani kwao, akakimbia siasa, akafika Marekani, akaigiza Dracula kwenye jukwaa la Broadway, New York, 1927 watu wakachanganyikiwa, wanawake hasa. Muvi ilipokuja studio haikuwa inamtaka yeye kwanza, akaikubali kwa dola 500 kwa wiki, wiki saba, jumla dola 3,500. Muvi ikaingiza pesa ya kutosha mpaka studio ikapata akili ya kutengeneza mazimwi mfululizo, yeye akabaki na lile joho na ile lafudhi. Kila alipoenda kuomba kazi walimwona Dracula. Na cha ajabu kwenye muvi ndefu za sinema kamcheza Dracula mwenyewe mara mbili tu, hiyo ya 1931 na ile ya vichekesho ya 1948 na kina Abbott na Costello. Nyingine zote ni vampaya wa majina mengine, madaktari wendawazimu, watumishi wa nyumba zenye mizimu.

Maumivu ya mwili yakamtia kwenye morfini. Mwaka 1955, akiwa mzee, akaenda mwenyewe kuomba atibiwe uraibu, hadharani, waandishi wa habari wakiandika, zama ambazo staa hakubali kitu kama hicho hata umfunge kamba. Akatoka, akafariki 1956, familia ikamzika na joho la Dracula. Sasa Katibu niambie, ukishayajua hayo yote halafu urudi kumwona anashuka ile ngazi na mshumaa mkononi, bado utalala?

Na kama unataka ushahidi kwamba jamaa aliweza kuigiza, tafuta Son of Frankenstein ya 1939. Anacheza Ygor, mtu aliyenyongwa akagoma kufa, shingo imepinda. Nywele ovyo, meno mabovu, mcheshi, mbaya, na anamfunika hata Karloff. Nimelisema, nipigeni.

Bolti za Shingo

Anamfunika Karloff?? Haya, tutaonana nje 😂

Ila kwa Ygor nakubali kidogo. Kidogo.

fundi_taa

Nije kwenye hili la rangi maana naona mmelipita, na ndilo linaloniuma. Mkuu mpenda_kiza, huyo aliyekushauri usimsikilize hata kidogo. Hizi muvi hazikupigwa nyeusi na nyeupe kwa bahati mbaya kisha zikawa zinasubiri kompyuta ije iziokoe. Watu walizipanga kwa nyeusi na nyeupe toka kwenye chombo cha rangi ya uso.

Mfano, zimwi la Karloff walilipaka rangi ya kijanikijivu kwa sababu kwenye filamu ya zama zile inatoka weupe wa maiti. Ukitia rangi ya ngozi juu yake umeua kazi ya Pierce yote. Lakini mfano mtamu zaidi ni Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931, ya Fredric March, ile aliyopatia Oscar. Pale mwanzoni anapogeuka, uso unaharibika mbele ya macho yako, kamera haijakata, hakuna kitu kimebandikwa, mikunjo inajitokeza tu yenyewe kama inatoka ndani. Walifanyaje? Walimpaka mekapu ya rangi fulani, tuseme nyekundu, halafu mbele ya lenzi wakaweka kichujio cha rangi hiyo hiyo. Ukiangalia nyekundu kupitia nyekundu haionekani, uso unatoka safi. Wakabadilisha kichujio polepole kwenda rangi iliyo kinyume, ile mekapu ikaanza kuwa nyeusi, mchoro mzima ukajitokeza. Filamu haioni rangi, inaona mwanga na giza tu, kwa hiyo mtazamaji hajui kwamba taa na vichujio vimehama. Sasa huo ujanja ufanye kwenye filamu ya rangi, kila mtu atamwona jamaa kapakwa rangi nyekundu usoni kama anaenda kushangilia mpira.

The Invisible Man ya 1933 vile vile. Claude Rains alivalishwa mahameli nyeusi kichwa mpaka miguu, juu yake shati na suruali, akasimama mbele ya pazia la mahameli nyeusi. Nyeusi ikamezwa, ikabaki nguo inatembea peke yake, wakaibandika juu ya picha ya chumba. Huyo Rains uso wake unauona sekunde chache mwishoni akiwa kitandani, muvi nzima kaibeba kwa koo lake. Sauti tu! Na ikamfanya staa.

Kwa hiyo tafuta nakala iliyosafishwa vizuri, weusi uwe weusi kweli, zima taa za chumbani. Basi.

Mama Mbalamwezi

Nyie mmeshagawana Karloff na Lugosi mkamsahau mwanangu Larry Talbot, yule anayegeuka mbwamwitu. Kachezwa na Lon Chaney Jr, The Wolf Man, 1941. Hapa ndipo huruma inapozidi kipimo, maana zimwi la Frankenstein halijui linachofanya, Dracula anajua na anafurahia, lakini Larry anajua na hataki. Kaumwa akimwokoa mtu! Anaomba wamfungie, anaomba wamuamini, hakuna anayemsikiliza, hata baba yake mzazi. Na anayemuuma kwanza ni Lugosi huyo huyo mnayemlilia, ana dakika chache tu humo.

Mwandishi wa skripti Curt Siodmak alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyeondoka kwao Wanazi walipoingia. Angalia sasa, kwenye muvi mbwamwitu anaiona alama ya nyota kwenye kiganja cha mtu atakayefuata kufa. Nyota, kama ile Wanazi waliyowalazimisha Wayahudi kuvaa. Mimi kila nikifika hapo nasimamisha kidogo. Na ilitoka Desemba 1941, siku chache baada ya Pearl Harbor kupigwa, watu wakajaa kumbini vile vile.

Mambo mengi mnayoyadhani ni ya kale kuhusu watu-mbwamwitu, ile ya fedha kuwaua na lile shairi linalorudiwarudiwa, Siodmak ndiye aliyeyaweka au kuyaeneza. Hata mwezi mpevu, kwenye hiyo ya kwanza shairi halisemi mwezi mpevu, unakuja kwenye muendelezo wa 1943.

Na huo muendelezo, Frankenstein Meets the Wolf Man, una kitu cha kusikitisha mpaka kinachekesha. Lugosi ndiye kavaa mabuti ya zimwi safari hii. Kwenye hadithi zimwi lilikuwa limepofuka na linaongea, wakapiga picha hivyo, halafu mwishoni studio ikakata maneno yake yote na kila kinachotaja upofu. Ikabaki jitu linapapasapapasa limenyoosha mikono mbele bila sababu yoyote. Ndio hiyo watoto wa dunia nzima wanaiga leo wakijifanya Frankenstein! Karloff hakutembea hivyo.

Chaney naye kabeba mzigo wa baba. Baba yake ndiye yule Lon Chaney wa Phantom of the Opera ya 1925, mtu wa sura elfu, wazazi wake walikuwa viziwi kwa hiyo toka utotoni alizoea kusema kwa mikono na uso. Mtoto jina lake halisi Creighton, studio ndizo zikamlazimisha jina la baba. Kacheza zimwi la Frankenstein, mumia, hata ukoo wa Dracula, lakini mbwamwitu hakumwachia mtu, zote tano za mwanzo ni yeye.

KatibuKata wa Kuzimu

Mama Mbalamwezi umenishawishi wewe, hao wengine bado. Naiweka kwenye foleni.

Je, zile za miaka ya 50 zinahesabika au mnaishia hapo?

maji_ya_kina

Zinahesabika sana. Creature from the Black Lagoon, 1954, ilitoka kwa miwani ya 3D. Mtu-samaki walikuwa watu wawili, Ben Chapman akitembea nchi kavu na Ricou Browning chini ya maji, hizo za majini zikapigwa Wakulla Springs kule Florida. Browning hakubeba mtungi wa hewa, alikuwa anabana pumzi dakika kadhaa ndani ya lile vazi, akizidiwa anaogelea kwenda kwenye bomba avute hewa kisha anarudi kazini. Ile sehemu ya dada anaogelea juu na kiumbe kiko chini yake kinamfuatisha kikiwa chali, kama kinaogopa hata kumgusa mguu, mimi naiweka juu ya kila kitu kilichotajwa humu.

Na aliyekichora kile kiumbe ni mwanamke, Milicent Patrick. Studio ikamzungusha Marekani kutangaza muvi, bosi wa idara ya mekapu Bud Westmore akaona wivu, sifa zote akachukua yeye na dada wa watu hakupewa kazi tena pale. Majina kwenye skrini yanasema Westmore. Inanikera mpaka leo.

Usisahau Gojira (Godzilla) ya Japani mwaka huo huo. Itafute ya Kijapani yenyewe, achana na ile iliyokatwakatwa kwa ajili ya Marekani. Haruo Nakajima ndani ya vazi linalokaribia kilo 100, na ule mlio ni glavu ya ngozi iliyoburutwa kwenye nyuzi za besi kubwa. Wanadhani ni muvi ya kubomoa majengo, kumbe nusu yake ni hospitali na watoto wanaolia, miaka tisa tu toka Hiroshima. Ile sio ya kuchekea.

mpenda_kiza

Dah. Nilitegemea majibu mawili matatu nimepata darasa. Bride nimeiangalia jana usiku, mzee kipofu kaniua kama mlivyosema, na zimwi linapovuta sigara nikacheka huku natoa machozi.

Swali jingine la haraka, mwanangu ana miaka tisa ananichungulia mlangoni kila nikiwasha, anataka na yeye. Kuna ya kumwanzishia ambayo haitamfanya alale na taa?

Bolti za Shingo

Karloff mwenyewe alikuwa akisema barua za watoto ndizo zilizomwonyesha kwamba walilielewa zimwi, walilihurumia moja kwa moja wakati wakubwa wanakimbia. Lakini kwa umri huo anza na Abbott and Costello Meet Frankenstein, hiyo ya 1948. Vichekesho viko kwa wale wawili, mazimwi yenyewe hayachezewi, Lugosi yuko makini, Chaney yuko makini, zimwi la safari hii ni Glenn Strange. Atacheka na atawajua wote kwa mkupuo mmoja. Ya ziwa na yule binti subiri akue kidogo.

kasri_la_upweke

Naunga mkono, na ni Dracula wa pili na wa mwisho wa Lugosi kwa hiyo nawe utapata chako. Baada ya hapo mpe King Kong ya 1933. Mwanasesere wa sentimita 45 hivi mwenye manyoya ya sungura, akisogezwa kidogo kidogo picha moja moja, ukitazama manyoya yanatetemeka sababu ya vidole vya mafundi. Mwambie aangalie hapo, watoto wanapenda kujua siri. Ila mwisho ule wa juu ya jengo andaa maneno ya kumwambia, maana atauliza kwa nini wamemuua.

KatibuKata wa Kuzimu

Nimeirudia Dracula jamani. Sijalala. Armadilo bado sijawasamehe.